Aliyeko Mbele Hawezi Kurudi

Jumatatu, 3 Machi

Haya, nimeanza. Daftari ni la Kifungua Mimba wangu. Aliandika hesabu kurasa tatu akalitupa chini ya kitanda. Nimezichana hizo tatu, lililobaki langu.

Mzee Zimamoto ndiye kasema. Kila aliyeko kwenye grupu awe na daftari la kazi, aandike alichokiona, hata mstari mmoja, na asimwonyeshe mtu. Amestaafu kwenye magari ya kuzima moto, sasa anatufundisha kwa simu. Sisi tunaosimama palipo na umati: walinda mageti, wapanga viti, wakata tiketi. Tuko mia mbili na kitu humo. Sijawahi kuwa mahali penye watu wote hao bila kuwapigia kelele wapange mstari!

Aliyeniingiza ni shoga yangu wa geti la tano. Aliniuliza, miaka kumi na moja tunafanya kazi hii ukumbini, nani alitufundisha? Nikamwambia miguu yetu. Akasema basi na miguu ipumzike, sasa tufundishwe kichwa.

Leo Mzee katuma pidiefu. Kurasa arobaini! Nimesoma mbili, kichwa kinaniuma. Maneno mengine marefu kama treni, ukifika behewa la mwisho umesahau la kwanza. Nikaandika kuuliza, nikaogopa, nikafuta. Mimi ni wa darasa la saba, na humo kuna watu wana vyeti. Baadaye mwingine akauliza: jamani, hakuna la kusikiliza? Mungu amzidishie. Sasa yatakuja ya sauti.


Jumatano, 5 Machi

Somo la sauti, dakika tisa. Nimelisikiliza nikimenya viazi.

Kasema chora mraba sakafuni, mita moja kila upande, halafu simamisha watu ndani. Wanne wanapumua. Watano wanavumiliana. Wakifika sita na kuendelea, hakuna tena anayeamua pa kwenda, wote wanakwenda wanakopelekwa.

Nikataka kuona kwa macho yangu. Wifi yangu ni fundi cherehani, anaishi nasi tangu kaka yake aanze safari za lori. Nikaazima tepu yake ya kupimia nguo. Akauliza, unampimia nani gauni pana hivyo? Nikamwambia ingia ndani utaliona. Akaingia. Nikaingia. Kifungua Mimba akaingia akinung'unika, Kitinda Mimba akajipenyeza kati ya miguu. Wanne. Bado tunacheka.

Mteja wa wifi akaja kuchukua sketi yake, tukamvuta. Watano. Wifi akasema, wifi yangu, mimi peke yangu hesabu wawili, usiwadanganye wataalamu wako. Tukamwita jirani. Sita.

Kicheko kikaisha chenyewe. Kitinda Mimba akasema mama sioni. Nikataka kuinama nimbebe — sikuweza kuinama! Chumbani kwangu mwenyewe, na watu ninaowapenda. Nikapiga kelele tokeni, tokeni.

Tulipotoka wifi akasema, kumbe kazi yako si kusimama tu.


Ijumaa, 7 Machi

Somo la leo limenichoma. Naliandika kwa ufupi.

Mzee kasema kosa la walinda mageti karibu wote ni moja. Umati ukisukuma, wewe unamfokea aliye mbele yako: rudi nyuma! Aliye mbele hawezi kurudi. Ana mlima wa watu mgongoni. Yeye ndiye asiye na nguvu ya kufanya lolote. Anayesukuma yuko nyuma kabisa, hakuoni, hakusikii, anadhani kuna nafasi. Zungumza na wa nyuma. Na wa mbele mfungulie njia, usimfokee.

Miaka kumi na moja nimesema "rudini nyuma". Ndiyo maana wananiita Mama Foleni. Sauti yangu inafika mpaka kwenye maegesho, watu wakinikuta sokoni wananiigiza.

Namkumbuka yule msichana wa mwaka jana. Sitaki. Basi.


Jumapili, 9 Machi

Kifungua Mimba anaenda kwenye tamasha la tarehe ishirini na mbili. Kwetu. Ukumbini kwangu! Rafiki yake kampa tiketi kwa kutimiza miaka kumi na saba. Tiketi imeandikwa geti la tatu. Geti langu.

Amefurahi mno. Mama utaniona nikipita, nitakupungia mkono, usinitie aibu mbele ya wenzangu kwa kunikagua mkoba.

Nimecheka naye. Nikaenda jikoni nikasafisha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Niandike basi, si hakuna anayesoma. Mwaka jana, tamasha lilelile, mwimbaji yuleyule. Kufika geti la tatu unapita kichochoro kati ya ukuta wa ukumbi na uzio wa maegesho, halafu unakata kona. Hapo konani bosi wetu wa mageti aliweka vyuma kuzuia wanaoruka foleni. Bosi tunamwita Kipaza, hajui kunong'ona huyo. Na mlango mdogo wa pembeni, ambao ungewapunguza, aliutia kufuli wasije wakaingia wasio na tiketi. Ufunguo anatembea nao mfukoni.

Nyuma kukavumishwa kuwa mwimbaji ameshapanda jukwaani. Si kweli. Wakasukuma. Msichana mmoja wa blauzi ya njano akabanwa kwenye vyuma, mbele yangu, urefu wa mkono mmoja tu kati yetu. Nami nikamwambia rudi nyuma! Rudi nyuma wewe! Alinitazama tu. Nilidhani ni kiburi.

Kumbe hakuwa na pumzi ya kunijibu.

Akazimia akiwa wima. Hakuanguka, hapakuwa na pa kuangukia. Wakampitisha juu ya vichwa. Alizinduka, mkono wake ulivunjika, akaondoka kwa gari la wagonjwa. Kwenye kitabu cha matukio Kipaza akanisomea, nami nikaandika: Amezimia kwa sababu ya joto. Mwandiko wangu huo. Bado upo mle.


Jumanne, 11 Machi

Mzee Zimamoto anaomba nusura. Ndivyo anavyoziita: jambo ambalo nusura liue, halikuua. Anasema walio kazini hujifunza zaidi kwa nusura kuliko kwa misiba, maana nusura ina mashahidi walio hai. Kila mtu amtumie yake faraghani. Jumamosi kuna mkutano, tutaonana ana kwa ana, atazisoma bila majina.

Bila majina. Kasema mara mbili.


Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kuandika nusura yangu mara nne. Ya kwanza nimejitetea. Ya pili nimemlaumu Kipaza tangu mwanzo hadi nukta. Ya tatu nilikosa namna ya kuandika "nilimfokea". Ya nne wifi akachungulia, nikaikalia.

Na Kipaza si mtu mbaya. Alinichukua kazini nikiwa na Kifungua Mimba ubavuni na bila karatasi yoyote mkononi. Wengine walinitazama viatu. Yeye alisema, mama, una sauti? Nikasema ninayo. Akasema basi, una kazi.

Mwisho nikafunga mlango nikarekodi voisi. Dakika nne. Nilieleza vyote: kichochoro, vyuma, kufuli, blauzi ya njano, joto la uongo. Nikasema tarehe ishirini na mbili yanarudi yaleyale, na mwaka huu tiketi ni nyingi zaidi. Sikutaja jina la ukumbi wala la mtu. Nikatuma haraka kabla moyo haujageuka.

Mzee kajibu: Asante mwanangu. Hii watu waisikie.


Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Mkutano ulikuwa chumba cha mikutano cha maktaba. Viti vya plastiki, chai kwenye chupa kubwa, ubao. Watu kama sitini. Nilivaa gauni aliloniongezea wifi kiunoni, kaniambia tembea kama mtaalamu. Mtaalamu hutembeaje? Akanionyesha. Tulicheka mpaka nikasahau hofu, kidogo.

Kwanza tukazunguka kujuana. Unamwendea usiyemjua, unasema unasimamia nini na unaogopa nini kazini. Kitu kizuri hicho! Kaka mmoja wa uwanja wa mpira anaogopa ngazi watu wanapotoka, si wanapoingia. Dada wa kumbi za harusi anaogopa wageni wanapoitwa kwenye chakula. Akasema, dada, njaa haina foleni. Bibi mmoja mfupi, mkubwa kwangu, anasimamia milango kwenye mikutano ya dini, akaniambia haogopi kitu ila mtu mwenye haraka aliyevaa vizuri. Watu wakapeana kadi zenye majina. Mimi sina. Nikawaandikia namba yangu nyuma ya vipande vya tiketi za zamani nilivyokuwa navyo mkobani. Bibi mfupi akasema hii ndiyo kadi ya kweli, ya kwangu imechapwa tu.

Nilijisikia mtu mwenye kazi. Sijui niseme vipi. Mtu mwenye KAZI.

Halafu Mzee akasema sasa nusura. Akasoma moja, akasoma ya pili. Ya tatu akasema hii sitaisoma, msikilize wenyewe. Akaunganisha simu na spika.

Sauti yangu ikajaa chumba kizima.

Mimi na Mzee sote tulisahau kitu kimoja. Bila majina, ndiyo. Lakini kama kuna sauti moja mji huu unaijua bila jina ni yangu! Nimewapigia kelele wote miaka kumi na moja. Neno la tatu tu, mtu akasema kwa furaha kabisa, "Eh, si Mama Foleni huyo!" Vicheko. Vichwa vikageuka. Halafu voisi ikafika kwenye blauzi ya njano, vicheko vikakatika kimoja kimoja. Sikujua pa kuangalia. Nikaangalia mlangoni.

Kipaza alikuwa amesimama mlangoni. Na kikombe cha chai. Sikujua kuwa naye yumo kwenye grupu! Kumbe naye anajifunza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akakiweka kikombe dirishani polepole, akatoka.

Mzee Zimamoto alinifuata nje. Kaniomba msamaha kama mtoto. Mwanangu, nimefundisha watu kutafuta kosa, nami nimekosea la wazi. Nikamwambia baba, usijali. Nilikuwa nalia, kwa hiyo sijui kama aliamini.


Jumatatu, 17 Machi

Kazini. Kipaza kapita mara tatu, hakunisalimia. Hata hakupiga kelele.

Shoga yangu wa geti la tano kasema, ungeniambia ningekurekodia mimi, mimi nina mafua daima hakuna anayenitambua.


Jumatano, 19 Machi

Kipaza kaniita ofisini. Pale ukutani bado kuna picha ya sote siku ile ya sare mpya.

Akaanza taratibu. Mama, mimi nilikukosea nini? Nikasema hukunikosea. Akasema umenivua nguo mbele ya watu sitini, nguo niliyokuvika mimi. Nilitazama mikono yangu.

Kisha nikasema, bosi, na yule binti tulimkosea wote wawili. Tuliandika joto.

Akasema unadhani mimi nalala bila kumwona? Mwenye ukumbi anataka watu wote waingie kwa saa moja, hataki mtu hata mmoja wa bure. Vyuma si vyangu, kufuli si langu. Mimi ni mdomo tu.

Nikamwambia basi huo mdomo useme. Sijui niliupata wapi ujasiri! Nikamweleza mambo ya mraba, wanne, watano, sita. Nikachora kwa kidole juu ya vumbi la meza yake. Alitazama. Akasema ataongea na mkubwa, huyo mwenye ukumbi. Nilipofika mlangoni akasema, na hiyo meza, mwambie mfagiaji.

Sijui kama ni mzaha au amenuna.


Ijumaa, 21 Machi

Vyuma bado vipo. Nimepita kuangalia asubuhi. Kufuli pia.

Nyumbani nimemwambia Kifungua Mimba asiende. Kalia. Kasema siku zote unaona kifo hata kwenye ngazi ya nyumba. Ni kweli. Nawahesabu watoto hata tukiwa sebuleni. Kisha kafuta machozi, kaniuliza: mama, kama kuna hatari mimi nisije, na marafiki zangu je? Utawaambia mama zao?

Mtoto huyu!

Mimi nilikuwa nimeshatosheka kumwokoa wangu. Ningekaa kesho getini, wa kwangu yuko salama kitandani, nikiwatazama wa wenzangu wakipita. Hilo halikunijia akilini mpaka aliposema. Nimeona aibu, hata chai imenishinda.

Nimeuliza grupu usiku huu, safari hii kwa maandishi, na makosa yangu yote. Hakuna aliyecheka. Kaka wa uwanja wa mpira: weka mtu mwenye spika mwisho wa foleni. Dada wa harusi: wape maji na habari, watu wasiojua kinachoendelea ndio wanaosukuma. Bibi mfupi kaandika mstari mmoja tu: Usibishane na bosi wako. Msimamishe konani dakika mbili.


Jumamosi, 22 Machi

Saa nne asubuhi. Nimechora miraba mitatu kichochoroni kwa chaki. Wenzangu wananicheka, kwamba nacheza mchezo wa watoto wa kuruka miraba. Wacheke.

Saa tisa. Vijana wamefika mapema kuliko mwaka jana. Mraba wa konani: wanne.

Saa tisa na nusu. Watano. Shoga yangu kaenda mwisho wa foleni na spika, anawaambia milango ni saa kumi na moja, mwimbaji hajafika, kaeni chini anayetaka. Wa nyuma wamekaa! Kweli wamekaa. Lakini konani hakuna pa kukaa.

Saa kumi na dakika tano. Nipo chumba cha sare. Naandika haraka.

Kipaza kaja na karatasi. Kasema mkubwa kakubali kuwa geti la tatu liwe chini yangu, kwa kuwa najua sana. Nitie saini. Zamani ningesaini nisisome, naona aibu kusoma polepole mbele ya watu. Leo nimesoma kwa kidole, neno kwa neno, naye kasimama. "Mimi niliyetia saini hapa nimelikagua geti la tatu na nimeridhika."

Sijaridhika. Nimemwambia.

Akasema mama, ni karatasi tu. Nikasema hata joto lilikuwa karatasi tu.

Sikubishana zaidi. Nikamwomba jambo moja: njoo usimame konani dakika mbili, na ukitoka ukiwa umeridhika nitasaini. Akacheka, akaenda, akaingia mle kati ya vijana na shati lake jeupe. Nilimwona kichwa tu. Dakika ya kwanza alikuwa anawaambia rudini nyuma. Ya pili hakusema kitu. Alipotoka alikuwa amekatikiwa na kifungo, anafuta shingo. Mraba wa konani ulikuwa sita.

Hakunitazama. Kaenda kumpigia simu mkubwa.

Kifungua Mimba yumo. Alikuja. Nimemwona kwa mbali, karibu na mraba wa pili, kanipungia mkono kama alivyoahidi. Sikumwita. Nikimtoa yeye, nafasi yake anaingia mwingine mwenye mama.

Saa kumi na robo. Kipaza karudi. Simu iko sikioni, anaitikia ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa. Karatasi kaisogeza mbele yangu kwa kidole. Kafunika simu, kanong'ona — huyu asiyejua kunong'ona! Mkubwa kasema vyuma vibaki. Mlango wa pembeni ukitaka utaufungua, lakini saini kwanza, ufunguo baadaye.

Nimemwambia hapana bosi wangu. Ufunguo kwanza. Na vyuma tutavitoa mimi na wewe, sasa hivi, kabla sijashika kalamu yako.

Katia mkono mfukoni. Hajautoa. Mkubwa anaita kwenye simu, haloo, haloo. Nje wameanza kuimba wote pamoja, na ukuta huu wa chumba cha sare nausikia mgongoni ukitikisika. Shoga yangu ananiita kwenye redio: Mama Foleni, konani ni saba. Nasema saba. Kipaza kasikia. Ananitazama mimi, anaitazama karatasi. Nami naandika tu, ili mkono huu uwe na kazi isiyo ya kusaini